Paka si Fumbo

Katika diwani moja ya watungaji mbalimbali, iliyochapwa si miaka mingi iliyopita, limo shairi la beti tisa alilolitunga bibi mmoja wa Mji Mkongwe kumlilia paka wake. Paka mwenyewe aliitwa Kidoti, kwa alama nyeupe iliyokuwa juu ya pua yake. Shairi linaeleza jinsi alivyokuwa akija mbio kila asikiapo nazi ikikunwa, jinsi alivyokataa dagaa na kukubali changu tu, na jinsi alivyozaa mara mbili ndani ya kasha la nguo za Idi huku mwenye kasha akimtafuta juu ya paa. Chini ya ukurasa mhariri ametia tanbihi: paka ni kiongozi aliyewaacha wafuasi wake. Tena katika ubeti wa tatu, pale palipokuwa na jina la Kidoti, pamewekwa neno "mpenzi", kwa hoja kwamba jina lile liliharibu mizani. Kidoti ni mizani tatu. Mpenzi ni mizani tatu.

Bibi alisomewa tanbihi ile na mjukuu wake. Alicheka kwanza, kisha akauliza ni kiongozi gani aliyewahi kuzaa katika kasha. Swali hilo hadi leo halijajibiwa.

Yapo maradhi katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, nayo ni kufumbua kisichofumbwa. Mnyama yeyote akitia mguu katika shairi, hata kabla hajalia, wahakiki wamekwisha kumvua manyoya na kumvika kanzu ya mtu. Simba ni mtawala, fisi ni mlafi, kunguru ni mgeni mwenye inda, mbwa ni kibaraka, paka ni mnafiki. Daftari la maana hizi hufundishwa madarasani kama jedwali la hesabu, na mwanafunzi anayethubutu kuandika kwamba paka wa shairi huenda akawa paka, hukatwa alama.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja, na si haki kuipuuza. Fumbo ni fahari ya ushairi wa pwani. Muyaka bin Haji alilitumia Mombasa katika enzi za Wamazrui, mashairi yakawa silaha iliyopita mahali ambapo upanga haukupita. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972, alipotunga gerezani shairi la mamba, hakuwa akizungumza habari za mto. Mamba yule ni fumbo, na asiyemfumbua hajasoma kitu. Mtu aliyeishi zama ambazo neno la wazi lilimpeleka mtu kizuizini ana sababu ya kutafuta batini nyuma ya kila dhahiri. Lakini ufunguo uliofungua mlango mmoja si lazima ufungue kila mlango, na palipo na mlango wazi ufunguo ni wa nini?

Tena mjadala wenyewe ni mkongwe kuliko diwani zote za Kiswahili. Huko Baghdad aliishi mshairi kipofu, Ibn al-Allaf wa Nahrawan, aliyefariki mwaka 318 wa Hijria, yaani 930. Alikuwa na paka aliyempenda, na paka huyo alikuwa na tabia ya kuvamia vizimba vya njiwa vya majirani na kula makinda, mpaka wenye njiwa wakamkamata na kumwua. Mshairi akamtungia marthia ndefu, ikapata sifa kubwa. Mara wakatokea wafumbuzi. Ibn Khallikan, aliyeandika wasifu wa watu mashuhuri katika karne ya 13, ameyakusanya madai yao: mmoja anasema paka ni Ibn al-Mutazz, mwana wa khalifa aliyeuawa mwaka 908, na mshairi aliogopa kumlilia waziwazi, mwengine anasema paka ni mtoto wa waziri, mwengine anasema ni kijana mtumwa aliyekamatwa na mapenzi yasiyomhusu. Mitihani mitatu kwa paka mmoja. Huenda mmoja wao amesema kweli. Ila yatazamwe yale yasiyobishaniwa na yeyote: njiwa walikuwapo, makinda yaliliwa, na mwenye paka hakuyaficha makosa ya marehemu wake. Marthia ya mwana wa khalifa haina haja ya vizimba vya njiwa. Ni paka tu ndiye hulilia vizimba, na ni aliyeishi na paka tu ndiye ajuaye kwamba kipenzi hulazimika kuombewa radhi kwa jirani hata baada ya kufa.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi huu. Fumbo lolote lenye uhai lilianza na jicho lililomtazama mnyama mwenyewe. Katika ngano zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapwa London mwaka 1870 kimo kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula ndama, watu wanashitaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anazidi, anakula kikubwa zaidi, majibu ni yale yale, mpaka amekuwa nunda mla watu, na wana wa Sultani wenyewe wanaliwa. Kila mwalimu hueleza, tena kwa haki, kwamba hii ni habari ya mtawala anayelea dhulma. Lakini nani asiyemjua Sultani huyu katika nyumba yake mwenyewe? Ni yule shangazi ambaye paka wake ameiba nguru wa watu juani, naye husema samaki hakufunikwa vizuri. Msimulizi wa Unguja aliwatazama wenye paka kabla hajawatazama masultani. Angeanza na masultani, kisa kingekufa siku ile ile.

Katika kitabu hicho hicho yumo paa wa Sultani Darai. Hamdani, fakiri aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama, anamnunua paa kwa thumni aliyoiokota; paa anamtajirisha na kumwoza binti wa sultani; paa anaugua, na bwana wake anamwonea choyo hata uji. Wahakiki huona humo shukrani na utovu wa shukrani. Sawa. Wazee waliowasimulia watoto kisa hiki walikuwa pia wakifundisha jambo la karibu zaidi: mnyama mgonjwa ndani ya nyumba hulishwa. Fundisho hili halihitaji tanbihi, na huenda ndiyo sababu wenye tanbihi hawalioni.

Kuhusu mbwa hali ni nzito zaidi, kwani mbwa hakuvikwa kanzu ya mtu tu, bali ametolewa nje ya mlango. Mfano mmoja unatosha. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, aliyekuwa akiwapiga kila usiku mbwa wawili kisha akiwalisha na kuwapa pole. Mbwa hao walikuwa ndugu zake waliogeuzwa kwa husuda yao. Shaaban Robert aliijenga upya hadithi hiyo katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, na mbwa wawili wakawa manyani wawili. Mtungaji ana uhuru wake, na manyani wale wamekaa vizuri katika nathari ile tukufu. Hata hivyo kitu kimepotea njiani. Mbwa aliyepigwa humrudia mkono uliompiga. Humo ndimo ulimo uchungu wote wa kisa cha Basra, kwani ndugu mwenye hatia analala miguuni pa ndugu aliyemdhulumu. Nyani haji miguuni pa mtu kwa hiari yake. Msomaji wa Kiswahili amepewa adhabu, akanyimwa uaminifu.

Watakaosema kwamba dini ndiyo iliyomtoa mbwa katika ushairi wa pwani wanapaswa kutazama upya. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa visiwani, yanasema mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanasema ni tohara. Hiyo ni hitilafu ya mafakihi, nao wanaijua kazi yao. Lakini hukumu ya maji na udongo haikuwa kamwe amri ya chuki. Ndani ya Sura ya Pango yumo mbwa aliyejilaza kizingitini pamoja na vijana waliolala, naye ametajwa nao kila inapotajwa idadi yao. Hadithi ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu imo katika Bukhari na Muslim, pamoja na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Sahaba Abu Qatada alikiinamisha chombo chake cha udhu mpaka paka akanywa, na mkazamwanawe akasimama akimtazama kwa mshangao. Na karne ya 10 huko Baghdad Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wavaao nguo. Al-Jahiz kabla yake, katika Kitabu cha Wanyama, aliwapa mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo nafasi ndefu ya kubishana, tena kwa raha iliyo dhahiri. Watu hao hawakuwa wageni wa dini. Walikuwa na macho.

Macho hayo hayajakosekana Unguja. Wasasi wa kusini wanaokwenda msituni kuwinda nguruwe huwajua mbwa wao mmoja mmoja: huyu hunusa upesi ila huchoka mapema, huyu mwoga, lakini akiona mwenziwe ameumizwa hugeuka shetani, yule mzee hakimbii tena, husubiri penye njia ambapo nguruwe lazima atokee, na hakosei. Mbwa wa mkulima hujua tumbili wa kufukuzwa na tumbili wa kutishwa tu. Haya ni maarifa ya tabia, yaliyosemwa kwa Kiswahili kizuri, na mara nyingi husemwa kwa mapigo yanayokaribia wimbo. Nani ameyakusanya? Wanaokusanya methali wamerudi na ile ya anayecheza na mbwa kufuatwa hadi msikitini, wakaridhika. Ile isemayo paka wa nyumba haingwa imeachwa pembezoni, kana kwamba watu wa pwani hawakuwahi kuacha mlango wazi kwa ajili ya mnyama.

Pana wengine, wao hawafumbui, wao hudharau. Kumpenda mbwa au paka hata kumtungia shairi, wanasema, ni uzungu. Dai hili ni la ajabu kutamkwa katika miji ambayo paka wake hulala juu ya baraza za mawe kama wenye hati za nyumba. Wagiriama walikuwa na jina la khadzonzo kwa paka wa msitu wa Sokoke muda mrefu kabla Jeni Slater hajachukua watoto wake mwaka 1978 na paka hao kupelekwa Denmark, wakaandikishwa kuwa aina maalumu ya paka duniani. Aliyekuwa na neno ndiye aliyetazama kwanza. Kusema mapenzi hayo ni ya Ulaya ni kuwapa Wazungu hata paka.

Kwa yakini huko Ulaya pia paka hawakupokewa bila ubishi. Christopher Smart alimwimbia paka wake Jeoffry wakati akiwa amefungiwa kwa kudhaniwa mwendawazimu, katikati ya karne ya 18. Aliona katika kujinyoosha, kujilamba na kuruka kwa paka namna ya ibada. Utungo huo haukuchapwa hadi 1939. Mwaka huo huo T. S. Eliot, aliyekwisha kuogopwa kwa uzito wa The Waste Land, alitoa kitabu cha mashairi ya paka wenye majina na vituko vyao, wezi, wavivu na wachawi wa mazingaombwe. Heshima yake haikupungua. Mfasiri atakayetaka kuwaleta paka hao katika Kiswahili atakuta ugumu hauko katika mizani, kwani shairi la mizani kumi na sita lina nafasi ya kutosha paka kujigeuza. Ugumu uko katika msomaji aliyezoezwa kuuliza, kabla ya ubeti wa pili, "Huyu ni nani?"

Lazima isemwe pia kwamba watungaji wenyewe wamechangia. Mashairi mengi ya paka yanayoletwa kwa wahariri siku hizi ni ya kalenda: macho ya lulu, manyoya ya hariri, sauti ya kinanda. Paka asiyeiba, asiyeparura mkeka, asiyemletea bwana wake panya aliyekufa nusu na kumtazama usoni akingoja shukrani, huyo hakulelewa na mtu. Mhariri anayelikataa shairi kama hilo hana lawama. Anayeustahiki ukali ni yule anayeletewa paka wa kweli, mwenye jina, mwenye chuki na dagaa, mwenye kasha lake, naye akamfuta.

Wachapishaji wa diwani ile wanasemekana kuandaa chapa ya pili. Tanbihi itolewe. Ubeti wa tatu urudishiwe jina lake, na kama pana mwenye shaka na mizani, ahesabu kwa vidole: ki, do, ti. Bibi mwenye shairi yuko hai bado, na anaweza kuulizwa. Nyumbani kwake sasa yupo paka mwengine, mweusi, asiyependa changu.