Mwenye kuanguka aulizwe kabla ya kumeza dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako niwaeleze wananchi wenzangu, hasa walimu na wahudumu wa afya, jambo lililonifika mimi mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, wilayani Muleba.

Dawa za kichocho zinapoletwa shuleni, sisi walimu ndio tunaozigawa. Watoto hunywa uji, hupimwa urefu kwa ubao, kisha kila mmoja hupewa vidonge vyake vya prazikwanteli. Mwaka jana, siku ya zoezi hilo, bibi wa mwanafunzi wangu wa darasa la sita alinijia akasema, "Mwalimu, huyu mjukuu wangu huanguka." Foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu, "Usihofu Bibi, hii ni ya kichocho tu, haihusiani na kifafa." Mtoto akameza. Usiku ule alianguka mara tatu, na alfajiri tulimpakia kwenye pikipiki hajitambui.

Namshukuru Mungu alipona. Lakini katika hospitali kubwa alikopelekwa baadaye, picha ya kichwa iliyopigwa kwa mashine ya CT ilionyesha vifuko vya mnyoo tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Sote tulishangaa, kwa kuwa nyumba ile ni ya Waislamu na haijapata kuingia nyama hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, muda wote mtoto alipokuwa akianguka hakuna aliyewaza tegu. Wengine walisema mashetani, wengine malaria iliyopanda kichwani.

Daktari alitueleza kwamba anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko, tena isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na choo kikubwa. Anayeyameza mayai hayo, kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, ndiye anayeota vifuko mwilini, hata kama hajaonja nguruwe maisha yake yote. Jambo kama hilo lilitokea New York, Marekani, mwaka 1990 na 1991. Wayahudi wanne, ambao kwa dini yao hawali nguruwe, walikutwa na vifuko hivyo kichwani, na mmoja wa watumishi wa majumbani mwao akakutwa na tegu.

Kisha daktari akamwuliza bibi, "Mtoto huyu amekulia wapi?" Bibi akajibu kwamba aliishi na wazazi wake Mbozi mpaka alipofika miaka saba. Mbozi, kama Mbulu, ni miongoni mwa wilaya ambako watafiti wamekuta ugonjwa huu kwa nguruwe na kwa watu. Vifuko huweza kukaa kimya miaka mingi. Dawa inayoua minyoo ikivifikia, ubongo huweza kuvimba na mgonjwa akapata degedege. Ndiyo maana mtoto alipewa kwanza dawa ya kuzuia degedege na ya kupunguza uvimbe, matibabu mengine yakafuata chini ya uangalizi.

Ndugu Mhariri, swali lile la daktari lilikuwa rahisi, na hata mimi ningeweza kuliuliza. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako ugonjwa huu umeenea, kiasi cha asilimia 30 ya wenye kifafa wameupata kwa vifuko hivi. Huku kwetu si ugonjwa unaotajwa, na kwa hiyo ni rahisi kuupita bila kuuona.

Hata hivyo, tusikimbilie kosa la upande wa pili. Tangu habari ile ienee kijijini, kila anayeumwa kichwa anataka apimwe damu ya tegu. Nimewafanyia wazazi hesabu ubaoni. Tuseme watu 1,000 wanapimwa, na wawili tu ndio wagonjwa. Kipimo kinachokosea watu 5 katika kila 100 wasio na ugonjwa kitawaita wagonjwa watu wapatao 50 ambao hawana kitu. Hata wale wawili wakigunduliwa, katika watu 52 watakaoambiwa ni wagonjwa, 50 watatishwa bure na huenda wakatibiwa bure. Tena mwenye kifuko kimoja tu huweza kupimwa damu asionekane. Na picha nayo huhitaji jicho la mzoefu, maana uvimbe wa kifua kikuu kichwani huweza kufanana na kifuko. Ugonjwa ulio nadra hujulikana kwa kuunganisha maelezo ya mgonjwa, picha na damu.

Mkoa wetu wa Kagera unajua thamani ya uchunguzi. Machi 2023, watu walipokufa Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, ulitajwa kwanza kuwa ugonjwa usiojulikana, mpaka maabara ilipothibitisha kuwa ni Marburg.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Kwanza, kabla ya kugawa dawa za kichocho, kila mzazi aulizwe kama mtoto wake huanguka au huumwa kichwa mara kwa mara, na mwenye jibu la ndiyo aonwe kwanza na mganga. Pili, katika zahanati zetu kila mwenye kifafa aulizwe amewahi kuishi wapi, na kama nyumbani yupo aliyewahi kutoa vipande vya tegu chooni. Tatu, nguruwe wafungiwe bandani, wasizurure vibanjani, na kila kaya iwe na choo na ikitumie.

Wazazi wasinielewe vibaya. Kichocho kipo ziwani na kinadhuru watoto wetu, kwa hiyo dawa zile waendelee kumeza. Kosa lilikuwa langu, sikumsikiliza bibi. Zoezi lijalo nitakaa mlangoni na daftari, na nitauliza mmoja mmoja hata kama foleni itafika barabarani.

Mwalimu wa kijijini,
Muleba, Kagera.