Antena Isiyozunguka na Mnunuzi Asiyeuliza

Nchi yetu ilikubali kununua rada ya Watchman kwa paundi milioni 28 za Kiingereza. Yaliyofuata yajulikana. Desemba 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri mahakamani London kwamba haikuweka sawasawa hesabu za malipo ya biashara hiyo, na baadaye paundi milioni 29.5 zikatolewa kwa ajili ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Madawati ni mema, lakini hakuna aendaye sokoni kununua rada ili arudi na madawati.

Siku hizi imekuja antena ya namna nyingine, isiyozunguka. Ni ubao uliojaa antena ndogo nyingi, na umeme ndio ugeuzao mwali wake. Atakaye kufahamu na aende Bwawa la Hombolo. Watu kumi wakisimama safu moja ukingoni na kupiga maji kwa pamoja, wimbi huenda mbele moja kwa moja. Kila mmoja akichelewa kidogo kuliko jirani yake, wimbi huenda mshazari, wala hapana aliyeondoka mahali pake.

Mwuzaji atasema ubao huo waona kila upande. Hapo twawaomba ndugu zetu wawe macho! Mlango ukitazamwa kwa upande huonekana mwembamba. Ubao nao, mwali ukipelekwa nyuzi 60 kutoka mbele, huwa kana kwamba upana wake umebaki nusu. Mwali hutanuka, nguvu hupungua. Tena antena ndogo zikiachana zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, mwali ukigeuzwa mno huweza kuzuka mwingine wa uongo, na ndege ikadhaniwa ipo mahali isipokuwapo. Zikisongamana, husumbuana. Kwa hiyo watakao kuona pande zote hufunga mbao tatu au nne, na kila ubao una bei yake. Ndege ishukayo Msalato haitachagua kupita mbele ya ubao.

Basi twataka, kabla ya mkataba wowote wa mitambo hiyo kutiwa sahihi, vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakabidhiwe antena yenyewe waipime, si mbele tu bali nyuzi 60 kulia na kushoto, na vipimo vyao visomwe Bungeni, papa hapa mjini, pamoja na bei.