Ukaidi Unaofundishwa Nyumbani

Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru chini ya Mlima Meru, kinajulikana nchini kote kwa kuwaandaa walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo si jambo geni kusikia, huko Meru na katika Jiji la Arusha lenyewe, juu ya mtoto mwenye sindromu ya Down anayefungiwa chumbani wageni wanapobisha hodi.

Asili ya hali hiyo si fumbo. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha huko Paris kwamba seli za mtoto huyo zina kromosomu 47 badala ya 46, ile ya 21 ikiwa mara tatu. Si laana ya ukoo, wala mama hakukosa mwiko wowote. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyozidi, lakini wengi huzaliwa na kina mama vijana, kwa kuwa ndio wazaao zaidi. Mawifi wanaomsuta mke wa kaka yao wangefaa kulijua hilo.

Aibu humfungia mtoto. Huruma nayo humharibu kwa njia nyingine: hulishwa na kuvishwa hata akiwa na miaka 12, na kila atakacho hupewa. Mzazi anayetoa andazi kila yowe linapopigwa anamfundisha mwanawe kwamba yowe hununua andazi. Siku mtoto huyo anapofika darasani, akaketi chini na kugoma kuinuka, mwalimu humwita mkaidi na kumrudisha kwao. Na mzazi, aliyekwisha kukata tamaa zamani, humpokea bila kuuliza neno.

Ni dhahiri kwamba mengi yaitwayo ukaidi yana sababu nyingine. Watoto wengi wa hali hii husikia kwa shida, mara nyingi kutokana na majimaji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Wengine tezi ya shingo huwa dhaifu, wakawa wazito na wachovu. Tena huelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka, hivyo kugoma huwa ndiyo lugha iliyobaki. Aliyeitwa mara tatu asiitike pengine hakusikia, na fimbo haijapata kuzibua sikio. Kinachofaa ni agizo moja fupi kwa wakati mmoja, kuonyeshwa kwa vitendo, kwani wao ni hodari wa kuiga, na ratiba isiyobadilika ovyo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Maofisa elimu hawana budi kuhakikisha kwamba, kabla mwalimu mkuu hajaandika barua ya kumrudisha mtoto nyumbani, masikio yake yamepimwa hospitalini, na wazazi wote wawili wameitwa shuleni. Wala wasiitwe kusomewa mashtaka, bali kuonyeshwa namna mwalimu anavyomwagiza mtoto wao, ili jioni wamwagize vivyo hivyo.