Tumruhusu mtoto aliye mbali aseme kweli



Kila mwaka, mwezi wa kwanza unapokaribia, familia kadhaa za parokia zetu za Lubumbashi na Likasi huanza kufunga masanduku. Watoto wao wanakwenda kusoma katika shule za bweni za Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza. Wengine, walio wachache, hupata msaada wa masomo na kwenda mbali zaidi, katika shule za kimataifa za kusini mwa Afrika au za Ulaya. Jumuiya hukusanyika kwa sala ya kuaga, padri hutoa baraka, na kila mmoja huchangia alicho nacho. Desturi hiyo ni njema, nasi tunaipenda. Leo lakini tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya majuma yanayofuata, majuma ya kwanza ya ugenini, ambayo sisi tuliobaki huyajua kwa njia ya simu tu. Maoni yetu ni haya: katika majuma hayo mtoto anahitaji, kuliko fedha na kuliko mawaidha, ruhusa ya kutuambia kweli.

Tutazame kwanza yale anayokutana nayo. Kengele humwamsha katika chumba anacholala pamoja na watoto ambao hajui lugha zao. Chakula kina ladha nyingine. Kisha huingia darasani, na hapo ndipo sisi tuliopata malezi ya ualimu tunaona shida ambayo wazazi wengi hawaioni. Katika shule zetu mtoto hujifunza kwa kunakili ubaoni, kwa kukariri na kwa kujibu alichofundishwa. Shule nyingi za kimataifa hufuata programu ya Baccalauréat International, ambayo katika miaka miwili ya mwisho humtaka mwanafunzi asome masomo sita, aandike utafiti wake mwenyewe usiozidi maneno 4,000, na ahudhurie somo linalomuuliza amejuaje kile anachodai kujua. Mwalimu wa huko hageuki ubaoni kwanza. Humgeukia mtoto na kumwuliza: wewe waonaje? Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani huku kwetu hunyamaza. Si kwamba hana la kusema. Wazo limemjia kwa Kifaransa, moyo wake unasema Kiswahili, na jibu linatakiwa kwa Kiingereza. Anapolipata neno, mwenzake amekwisha kusema.

Uchovu huo hautokani na uovu wa mtu. Baadhi ya shule hizo zilianzishwa kwa kusudi la kuwakutanisha vijana wasiofanana. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyelazimika kuihama nchi yake baada ya Hitler kutwaa madaraka mwaka 1933, ndiye aliyetoa wazo la shule ambamo vijana wa mataifa mbalimbali wangekaa pamoja. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1962 huko Wales. Mwaka uliofuata, katika milima ya Mbabane, Eswatini ya leo, ilianzishwa shule ya Waterford, iliyowapokea watoto weusi na weupe katika madarasa yaleyale, wakati nchi jirani ya Afrika Kusini ilikuwa ikiwatenganisha kwa sheria. Kwa hiyo, kukaa na mgeni ni somo lenyewe katika shule kama hizo, na kila somo lina jasho lake. Mtoto anayetuambia kwamba amechoka hajaidharau shule, wala hajatudharau sisi. Ametueleza kwamba somo limeanza.

Lakini je, anatuambia? Tuangalie jinsi simu ya Jumapili inavyokwenda katika nyumba nyingi. Simu hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Baba humkumbusha kwamba jina la ukoo liko mabegani mwake. Mjomba humwambia asisahau alikotoka. Bibi humwombea. Jirani, aliyetoa mchango, naye hutaka asikiwe. Baada ya sauti saba za namna hiyo, mtoto atajibu nini zaidi ya kusema kwamba yuko salama na kila kitu ni kizuri?

Tunamjua binti mmoja wa parokia mojawapo ya mji wetu ambaye kwa majuma matano alimwambia mama yake kwamba anakula vizuri na anayaelewa masomo yote. Kumbe jioni zote alikuwa akijifungia chumbani, na darasani hakufungua kinywa. Habari zilifika nyumbani kwa barua ya mlezi wa bweni. Shangazi yake alipomwuliza kwa upole kwa nini alificha, alijibu: mliuza pikipiki ya baba kwa ajili yangu, ningesemaje kwamba ninalia? Binti huyo hakuwa mwongo. Alikuwa mdeni, au tuseme, alijiona mdeni, kwa sababu kila mtu aliyemuaga alimkumbusha gharama.

Wapo wazee watakaotujibu kwamba hata wao walisoma katika shule za bweni za wamisionari, walilia usiku wakavumilia, na leo wanamshukuru Mungu. Neno lao lina kweli ndani yake. Machozi mengi ya majuma ya kwanza hukauka yenyewe, na mzazi anayekimbilia kumrudisha mtoto kwa sababu ya kilio kimoja humnyima nafasi ya kukua. Lakini kuvumilia na kuficha si jambo moja. Anayevumilia anajua yuko nani wa kumweleza mzigo wake; anayeficha amebaki peke yake nao. Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko upweke. Katika bweni lolote, liwe la nchi tajiri au maskini, mtoto anaweza kuugua, kuonewa na wenzake, au kutendewa vibaya na mtu mzima. Mtoto asiyethubutu kutuambia kwamba hakuelewa somo la hesabu, atathubutuje kutuambia jambo zito la namna hiyo? Ukweli mkubwa hupita katika njia iliyofunguliwa na kweli ndogo ndogo. Njia hiyo hufunguliwa katika majuma ya kwanza, au huzibwa wakati huohuo.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio karibu sana na habari hii. Sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli inasimulia juu ya vijana wanne wa Yuda, Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria, waliochukuliwa Babiloni wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Walipewa hata majina mapya. Tunapenda kukumbuka kwamba Danieli alikuwa imara, akakataa chakula cha mfalme. Tusisahau namna alivyofanya. Hakukataa masomo, hakukataa lugha. Alichagua jambo moja asiloweza kuliacha, akaenda kumwambia mkuu aliyewasimamia. Mkuu huyo alimhurumia, lakini alimwogopa mfalme. Danieli hakunyamaza kwa sababu hiyo. Alimwendea mlinzi, akamwomba wajaribiwe siku kumi tu, kwa mboga na maji. Tena hakuwa peke yake, maana wenzake watatu walikuwa pamoja naye. Uaminifu wake ulipitia katika kinywa chake: alisema anachohitaji, kwa heshima, mara ya kwanza na mara ya pili, kwa mtu aliyeweza kumsaidia. Tukitaka watoto wetu wawe kina Danieli, tuwafundishe kusema hivyo, na tuanze kwa kuwasikiliza sisi wenyewe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Wajibu huo hauishii Kasumbalesa, wala haukabidhiwi kwa mkuu wa shule pamoja na karo. Ndiyo maana tunapendekeza mambo matatu kwa familia na kwa jumuiya zinazowaaga watoto.

Kwanza, mchango uitwe zawadi, na mtoto asikie hivyo kwa masikio yake kabla ya kuondoka. Aliyetoa ametoa kwa Mungu. Mtoto atashukuru kwa kusoma vizuri na siku moja kwa kumsaidia mwingine, lakini asidaiwe furaha ya kila Jumapili.

Pili, achaguliwe mtu mmoja wa kuzungumza naye peke yake, mbali na simu ile ya ukoo wote: mama, msimamizi wake wa ubatizo, au dada mkubwa anayejua kutunza siri. Mtu huyo asiulize kama mtoto yuko salama, kwa maana jibu la swali hilo tayari linajulikana. Amwulize alikaa na nani mezani jana. Amwulize ni somo gani lililomshinda juma hili, na ni nani amemsaidia. Akisikia jambo la hatari, asilifiche. Amjulishe mzazi na wakuu wa shule siku hiyohiyo.

Tatu, imani yake tusiilinde kwa njia ya ukaguzi. Mtoto anayeulizwa kila mara kama alikwenda Misa hujifunza upesi kujibu ndiyo. Afadhali tusali pamoja naye. Lubumbashi, Lusaka na Mbabane zina saa moja. Adhuhuri ya huku ni adhuhuri ya huko. Mama anaweza kumwambia mwanawe: saa sita nitasali Malaika wa Bwana, nawe ukiweza, sali. Na Jumapili atakapoingia katika kanisa la huko, akisikia Misa kwa lugha asiyoielewa vema, atajua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, kwa sababu Misa ni ileile. Huenda hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu awasili, atajiona si mgeni.

Basi, katika sala za kuaga za mwaka huu, tunawaomba wazazi, mbele ya jumuiya nzima na mbele ya wote waliochangia, wamwambie mtoto maneno machache ya wazi: ukifurahi, tuambie, ukilia, tuambie pia, hatutajuta kukutuma. Waliochangia nao waitikie amina. Mtoto atavuka mpaka akiwa na mzigo mwepesi zaidi, nasi tutakapompigia simu tutakuwa tunaongea naye kweli.

Yezu Kristu asifiwe, sasa na milele.