Fundi, Cheti Chako Kiko Wapi?

Kisauni, Likoni, Majengo, hata Eastleigh, mafundi tunao tele. Unamjua kijana wa mtaani kwenu anayefungua injini na kuirudisha bila kubakisha hata nati moja. Sasa muulize analipwa ngapi kwa siku. Muulize pia, gereji ikifungwa kesho, kwa tajiri mwingine ataenda kuonyesha nini?

Hapo ndipo tunapoumia. Ujuzi wako anaujua mtu mmoja tu, mwenye gereji. Na anajua huna pa kwenda, kwa hivyo bei ya jasho lako anaipanga yeye.

Jambo hili limepimwa Uganda. Kuanzia 2012 watafiti waliwafuata vijana kwa miaka kama minne. Wengine walisomeshwa ufundi chuoni miezi sita wakapewa cheti, wengine wakafunzwa kazini na matajiri. Makundi yote mawili yalipata kazi na kipato kuliko wale ambao hawakusaidiwa. Wa kazini ndio waliotangulia. Lakini baadaye wa chuoni wakawapita, maana wakipoteza kazi walipata nyingine haraka. Cheti kinasomeka popote. Sifa alizokupa tajiri mmoja zinaishia mlangoni kwake.

Sisemi uache gereji urudi darasani. Kuna mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la tatu mpaka la kwanza, na hata aliyejifunzia mtaani anaweza kuufanya. Kinachowakwamisha wengi ni ada. (Kitambulisho nacho ni kesi yake. Vijana wetu wamepigwa msasa mpaka wakachoka, na bila kitambulisho hata cheti hakikuingizi kwa kampuni. Hiyo vita hatujaiacha.)

Misikiti yetu inachangisha zulia, rangi, vipaza sauti. Ni kheri, sikatai. Lakini sadaka ya Ijumaa moja tu kwa mwaka ikiwalipia mafundi wachache wa mtaa ada ya mtihani, kuna ubaya gani? Iulize kamati ya msikiti wako.

Na wewe dada, usikubali kusukumwa moja kwa moja kwenye cherehani. Uliza kwanza fundi umeme analipwa ngapi.

Vyuo vya ufundi vya mitaani viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Basi mwakilishi wadi akija kutufuturisha Ramadhani, muulize pale pale: chuo cha wadi yake kina mwalimu na vifaa, ama kina ukuta na jina lake tu?