Kamchape Aliyevaa Kanzu



Huku Ufipa, ambako sisi Waislamu tu wachache katikati ya majirani zetu Wakatoliki, jina la mji wetu hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri: Sumbawanga, tupa uchawi wako. Wazee wasimulia habari za Kamchape, wasaka wachawi waliopita vijiji hivi miaka ya 1930, wakarudi mara kadhaa, hata baada ya Uhuru, 1963 na 1964. Walikusanya watu, wakafukua pembe na dawa majumbani, na aliyetajwa kuwa mchawi hakuwa na pa kujitetea, kwani mshitaki ndiye aliyekuwa hakimu, na ushahidi alikuwa nao yeye peke yake.

Wewe msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja huenda ukacheka na kusema: ujinga wa bara! Usicheke upesi.

Februari 2015, pale Ukunda, pwani kabisa, walikamatwa wanaume wawili kwa kudhaniwa kuwa wanafanya liwati. Hakimu akaamuru wapelekwe hospitali kubwa ya Mombasa, wakapekuliwa sehemu zao za siri na kutolewa damu. Walipokwenda Mahakama Kuu kulalamika, mwaka 2016, wakaambiwa kuwa waliridhia wenyewe. Mtu aliye mikononi mwa polisi aridhia nini? Ilikuwa mpaka tarehe 22 Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufaa, ikikaa Mombasa, ilipokata kuwa upekuzi ule ulikuwa kinyume cha sheria na ulivunja heshima yao. Na madaktari wa Kenya wenyewe, kupitia chama chao, walikuwa wamekwisha kuulaani mwaka 2017, maana hauthibitishi kitu. Basi ile ndiyo pembe ya Kamchape, ila imefukuliwa kwa koti jeupe.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi wa Oktoba, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza kuwa wananchi wampelekee majina ya watu wa namna hiyo. Serikali ikasema tarehe 4 Novemba kuwa yale ni maoni yake mwenyewe, si msimamo wa nchi. Lakini kwa kauli yake ujumbe ulikwisha kummiminikia kwa maelfu. Nauliza, bila kutaka jibu: ni wangapi katika sisi tuliotuma?

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa mimbarini. Wao hunena kama kwamba sheria ya Mwenyezi Mungu yatutuma kuchungulia. La hasha! Katika Surat Nuur aya ya 4 imewekwa sharti la mashahidi wanne, na asiyewaleta apigwe yeye mijeledi 80, wala ushahidi wake usikubaliwe. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, tunayosomesha vyuoni pwani nzima, kumzulia mtu liwati ni sawa na kumzulia zinaa. Kumbuka kesi ya Mughira bin Shuuba, gavana wa Basra, mbele ya Sayyidna Umar. Mashahidi watatu wakasema tumeona. Wa nne akasita. Gavana hakuguswa. Waliopigwa ni wale watatu, na mmoja wao alikuwa sahaba wa Mtume (s.a.w.).

Utaniambia: "Sheikh, wewe watetea liwati?" Haramu ni haramu, wala hakuna aliyeniomba fatwa ya kuihalalisha. Nasema habari ya dhuluma, nayo ni haramu vile vile, tena ni haki ya mja, isiyosameheka mpaka aliyedhulumiwa asamehe.

Utaniambia tena kuwa haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Je, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kilitoka Makka? Kilitokana na Mwingereza. Mwaka 1998 Bunge letu likaizidisha adhabu yake, isipungue miaka 30 na iweze kufika maisha. Kenya ni miaka 14, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuifuta mwezi wa Mei 2019. Wala sheria hizo hazidai mashahidi wanne. Mwingereza mwenyewe kwao England alianza kuiacha sheria yake mwaka 1967, na sisi twaikumbatia kama aya. Kinyume chake, hifadhi ya mtu na nyumba yake imo katika Katiba yetu wenyewe, ibara ya 16, tangu mwaka 1984.

Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji watatu kwa wawili, ilipoamua kuwa watu hawa hawawezi kunyimwa kuandikisha jumuiya yao, kelele zilisikika Lamu mpaka Mtwara. Majaji hawakusema kitendo ni halali. Walisema watu wana haki ya kujumuika. Mimi niliye katika wachache huku uwandani najua uzito wa neno hilo, kwani msikiti wetu na chuo chetu vyasimama juu yake. Hata Uganda, ambako Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria yao kali ya 2023, tarehe 3 Aprili 2024 ilikifuta kifungu kilichomlazimisha mtu kumshitaki mwenziwe polisi.

Na wewe mama wa Kibokoni, na wewe baba wa Ngamiani, ambao mtasema haya ni mambo ya mahakama: jina litakalotajwa kesho huenda likatoka katika nyumba yenu. Mmoja alinifikia hapa mwezi wa Julai, kijana wa pwani, amefukuzwa kwao kwa maneno ya jirani, ana mfuko mmoja wala hana sweta, na baridi ya Ufipa mwezi huo si ya mchezo. Sikumuuliza lolote. Nikampa blanketi. Sasa asomesha watoto Juzuu Amma, na sauti yake ni nzuri kuliko yangu. Babake nimempigia simu mara tatu. Akisikia ni mimi, hukata.