Kisigino cha mtoto na gurudumu la pikipiki

Wapendwa wazazi, habari za kofia ngumu mmezisikia mara nyingi. Leo nasema juu ya kisigino. Mtoto akipakiwa nyuma, miguu isiyofika pa kukanyagia huning'inia, na spoku hukamata kisigino. Ngozi huchunika, pengine na kano ya nyuma hukatika. Kidonda cha hapo hupona polepole, maana nyama ni chache.

Pikipiki nyingi zitokazo India huja na kinga ya chuma kando ya gurudumu la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya akina mama wavaao sari. Huku kwetu wengine huing'oa wapate kufunga mzigo. Kava la cheni nalo hubaki kwa fundi. Kwa maoni yangu, mwenye pikipiki avidai vyote viwili kama anavyodai breki, maana hata kanga hunaswa.

Ambaye miguu yake haifiki asipandishwe, hata kama kanisa liko mbali. Akiumia, osheni kwa maji safi yanayotiririka, funikeni kwa kitambaa safi, mleteni siku ileile, na kadi yake ya chanjo, tuone kama anahitaji sindano ya pepopunda. Majivu na dawa ya meno viacheni nyumbani.